Chipu ndogo inayoweza kulaza gari zima

MAIKROKONTROLA ni kompyuta ndogo iliyokusanywa yote katika chipu moja: ina sehemu ya kukokotoa, kumbukumbu na njia za kupokea na kutoa ishara za umeme. Haina uwezo wa kompyuta ya mezani, wala haiuhitaji, kwa kuwa hupewa kazi moja tu ya kutekeleza maisha yake yote.

Mfano mzuri ni kioo cha mlango. Katika magari ya zamani, swichi ilipitisha umeme moja kwa moja hadi kwenye mota. Katika mengi ya kisasa, swichi hupeleka ujumbe tu, na maikrokontrola iliyo mlangoni ndiyo huiamuru mota izunguke. Kioo kinapopanda, chipu hiyo hufuatilia mwendo wa mota. Mkono wa mtoto ukikwama, mota huelemewa, nayo hukirudisha kioo chini papo hapo. Chipu za jamii hiyo huongoza taa, waipa na kufuli, na zenye nguvu zaidi hulinda uhai katika breki na mifuko ya hewa.

Safari hii si ya jana. General Motors ya Marekani ilitumia maikroprosesa kupanga wakati wa cheche za plagi katika Oldsmobile Toronado ya 1977. Vifaa vilipozidi, nyaya nazo zikawa mzigo, hadi Bosch ya Ujerumani ilipozindua mfumo wa CAN mwaka wa 1986, unaowezesha vifaa vingi kuwasiliana kupitia jozi moja ya nyaya.

Uzito wa chipu hizi ulidhihirika 2021. Watengenezaji magari walikuwa wamepunguza maagizo yao corona ilipozuka, na viwanda vya chipu vikageukia wateja wa simu na kompyuta. Mnamo Machi 19, 2021, moto uliharibu sehemu ya kiwanda cha Renesas kiitwacho Naka, nchini Japani. Magari yaliyokaribia kukamilika yalilala uwanjani yakisubiri vipande vya dola chache, na Peugeot ikarejesha mishale ya kawaida ya kuonyesha kasi katika gari lake la 308. Chipu za simu hazingeziba pengo hilo; ya gari mara nyingi hutakiwa kustahimili joto la nyuzi 125 na baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri.

Nchini Kenya, ambako magari mengi huingia yakiwa yametumika Japani, mwenye gari huzifahamu chipu hizi siku zinapokufa. Kompyuta ya injini iliyong'olewa kwenye gari jingine la aina hiyo hiyo yaweza kuingia sawasawa, na bado gari likakataa kuwaka, kwani inautambua ufunguo wa gari lake la kwanza. Ni busara kumuuliza fundi, kabla ya kulipa, iwapo ana mashine ya kuiandikisha upya. Aidha, anayechomelea bodi bila kwanza kutenganisha betri huweza kuunguza vifaa hivi kwa mkondo wa mashine yake.