Kitufe Bubu

Kajiado ni nchi ya mifugo, na neno "ng'ombe" halina budi kuandikwa huko kila siku: katika vyeti vya chanjo, katika daftari za mnada na katika insha za wanafunzi. Lakini mtu aweza kuketi mbele ya kompyuta mjini Kitengela, akapiga herufi zote kwa uangalifu, na kioo kikamwonyesha "ngómbe". Akiandika neno lilo hilo kwa Kimaasai, "enkiteng'", ritifaa yabaki, ila nafasi iliyofuata yatoweka na maneno mawili yashikana. Atadhani mashine imeharibika. La, mashine ni nzima. Sababu ni kongwe kuliko kompyuta yenyewe.

Taipureta ya Sholes na Glidden ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1874. Taipureta zilipoenea, lugha kama Kifaransa zilihitaji herufi zenye alama juu yake, kama ê na ô. Kuipa kila herufi ya namna hiyo kitufe chake kungalijaza mashine vitufe. Basi mafundi wakabuni kitufe bubu: kikipigwa, alama huchapwa lakini karatasi haisogei, na herufi ya pili huangukia chini ya alama ile.

Kompyuta ziliirithi desturi hiyo. Katika mpangilio wa kibodi uitwao Marekani ya Kimataifa, ritifaa ni kitufe bubu. Kikibonyezwa, kompyuta haiandiki kitu, yangoja. Ikija o, huziunganisha kuwa ó. Ikija nafasi, huandika ritifaa peke yake, nayo nafasi imemezwa.

Maandishi ya Kiswahili, ambayo usanifishaji wake ulisimamiwa na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1930, hutenga ng' na ng kwa ritifaa tu. Kung'oa mti si sawa na kuona ngoa, yaani wivu. Na kwa kuwa ng' hufuatwa karibu daima na irabu, mtego huu haukosi kunasa. Madhara yake si madogo. Mwanafunzi Ng'ang'a akiandikishwa "Ngángá", mwenye kulitafuta jina lake katika orodha ya mtihani aweza kuambiwa kwamba hayumo.

Fundi mwema hakisii. Huiagiza programu ya majaribio iorodheshe kila habari itokayo kwenye kibodi: kitufe gani kimeshuka, kipi kimepanda, na herufi gani imezaliwa. Kisha hubonyeza kimoja kimoja. Orodha humwonyesha kwamba ritifaa ilishuka wala haikuzaa herufi. Hapo ajua kwamba kitufe ni kizima, na kosa limo katika mpangilio. Dawa ni kuchagua mpangilio wa Marekani wa kawaida, au kubonyeza nafasi baada ya ritifaa ndipo irabu ifuate.

Mashine haikuasi. Ilitii agizo la zama za taipureta, ambalo mwandishi wa Kitengela hakulitoa.