Kipande na Mshahara

Kijana aliyemaliza masomo aweza leo kuajiriwa mahali pamoja mwaka mmoja au miwili, kisha asikie kuwa kwingine hulipa zaidi, naye akaandika barua ya kuacha kazi na kuhama. Hapana amshangaaye. Lakini yakupasa ujue, msomaji, ya kuwa hapa Kenya palikuwa na wakati ambapo mtu aliyejaribu kupandisha ujira wake kwa njia hiyo aliweza kufikishwa mahakamani.

Walowezi walipopewa mashamba makubwa katika nyanda za juu walihitaji watu wengi wa kuyalima, tena kwa ujira mdogo. Kodi ya nyumba iliwasukuma wanaume kwenda kutafuta fedha. Hata hivyo kodi humleta mtu kazini tu, haimfungi hapo. Kibarua aliyeona posho haimtoshi, au aliyesikia kwamba shamba la pili laongeza rupia moja, alikunja mkeka wake usiku akaenda zake. Walowezi walimwita mtoro. Mimi naona alikuwa mtu ajuaye bei ya kazi yake.

Ndipo mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuwaandikisha wanaume wa Kiafrika, nayo ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu kwisha. Kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi iliyoitwa kipande, akaivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Wengine waliifananisha na kengele ya mbuzi.

Angalia yaliyoandikwa humo: jina la tajiri, aina ya kazi, siku ya kuanza, siku ya kuachishwa, na mshahara. Tajiri asipotia sahihi ya kumwachilia mtu wake, huyo hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali; na akiondoka hivyo hivyo, alama za vidole zilisaidia kumtafuta. Hata aliyeachiliwa kwa wema hakuwa salama, kwa maana tajiri mpya alifungua kijaluba, akasoma ujira wa zamani, na mazungumzo ya mshahara yakaishia papo hapo.

Basi haikuwa ajabu kwamba mwaka 1921 walowezi waliafikiana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Tajiri asiyeogopa kukimbiwa na watu wake hana haja ya kuwabembeleza. Aliyesimama kupinga ni Harry Thuku, kijana aliyekuwa karani wa simu serikalini mjini Nairobi, na ambaye kabla ya hapo alikuwa mpanga chapa katika gazeti. Yaani yeye mwenyewe alikwisha kuonja kuhama kazi. Alipinga upunguzaji huo, na kodi, na kipande. Alikamatwa Machi 1922. Umati ulipokusanyika kudai afunguliwe, ulipigwa risasi, wakafa watu wasiopungua 21. Thuku alihamishiwa Kismayu.

Kipande kiliendelea miaka mingine mingi, mpaka sheria ya 1947 ilipoamuru watu wa rangi zote waandikishwe. Utimizapo miaka 18 nawe utakwenda kuandikishwa upewe kitambulisho. Watakuchukua alama za vidole, kama walivyochukuliwa babu zako. Lakini hutaona humo mahali pa kuandika mshahara, wala pa sahihi ya tajiri.