Usajili wa mkongwe: tumpime vipi Saido wa Simba?

Usajili wa mkongwe ni kumchukua mchezaji mwenye umri mkubwa ambaye tayari anaijua ligi. Klabu huuona hauna hatari kubwa, kwa sababu mchezaji hahitaji muda wa kuzoea mazingira.

Mfano upo Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, yaliko makao ya Simba. Desemba 2022 klabu hiyo ilimsajili Saido Ntibazonkiza, Mrundi wa miaka 35, kutoka Geita Gold. Kabla ya Geita alikuwa Yanga. Alimaliza msimu wa 2022/23 na mabao 17, akalingana na Fiston Mayele wa Yanga kileleni mwa wafungaji.

Msimu uliofuata mambo yaligeuka. Novemba 5, 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Januari 2024 washambuliaji Jean Baleke na Moses Phiri wakaondoka. Simba ilimaliza na pointi 69 sawa na Azam, ikazidiwa kwa tofauti ya mabao, ikawa ya tatu na kukosa Ligi ya Mabingwa Afrika. Saido akaachwa.

Vijiweni lawama huangukia umri. Lakini umri wake ulijulikana siku aliposaini. Je, alifanya kazi aliyosajiliwa? Msimu wa kwanza unajibu. Nani aliandaliwa kupokea mzigo wake? Hilo ni la viongozi.

Msikilizaji, timu yako ikisajili mkongwe, usiulize umri tu. Uliza pia nani anafuata nyuma yake.