Tiba ya umeme katika fiziotherapia

Tiba ya umeme katika fiziotherapia ni matumizi ya mikondo midogo ya umeme inayopitishwa kwenye ngozi ili kupunguza maumivu, kukaza misuli iliyodhoofika au kuingiza dawa mwilini. Mkondo hutoka katika mashine, hupita kwenye nyaya na kuingia mwilini kupitia elektrodi, yaani pedi zinazobandikwa juu ya ngozi. Mgonjwa huwa macho muda wote. Huhisi kuchomwachomwa kidogo, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudiwa na hisia, au huona msuli wake ukijikaza bila yeye kutaka.

Tiba hii ni tofauti na ile ya kupitisha umeme kwenye ubongo, ambayo hutolewa na madaktari wa magonjwa ya akili kwa mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi. Pia ni tofauti na tiba ya mawimbi ya sauti na tiba ya joto, ingawa mashine zake mara nyingi huwekwa katika chumba kimoja.

Historia

Watu walitumia umeme kama dawa kabla ya kujua umeme ni nini. Katika karne ya 1, tabibu wa Roma aliyeitwa Scribonius Largus aliandika kwamba maumivu ya kichwa na ya jongo yaweza kutulizwa kwa kumgusisha mgonjwa samaki hai wa jamii ya taa anayetoa umeme, mpaka sehemu inayouma ife ganzi.

Katika karne ya 18 zilipatikana mashine za kuzalisha umeme kwa msuguano na chupa za kuuhifadhi. Huko Pennsylvania, watu waliopooza waliletwa kwa Benjamin Franklin ili awapitishie umeme. Katika barua ya mwaka 1757 alieleza kwamba katika siku za kwanza viungo vilipata joto na nguvu kidogo, lakini baada ya siku chache maendeleo yalikoma, na wagonjwa waliporudi kwao walirudia hali ya awali. Alijiuliza pia kama nafuu ile ndogo ilitokana na umeme wenyewe, au na mazoezi ya safari ya kuja kwake kila siku, au na matumaini ya kupona. Swali hilo linaulizwa na watafiti hadi leo.

Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba miguu ya chura aliyekufa hujikunja inapoguswa na umeme. Alessandro Volta alimpinga kuhusu chanzo cha umeme huo, na mabishano yao yalimfikisha Volta kwenye kutengeneza betri ya kwanza. Mwaka 1831 Michael Faraday aligundua namna ya kuzalisha umeme kwa kutumia sumaku. Ndiyo maana wataalamu wa fiziotherapia walizoea kuita mkondo usiokatika "mkondo wa galvani" na ule wa mipigo mifupi "mkondo wa faradi".

Katika karne ya 19 daktari Mfaransa Duchenne de Boulogne alitumia elektrodi zenye unyevu kuchochea msuli mmojammoja bila kupasua ngozi. Kitabu chake cha mwaka 1855 kilikuwa kati ya misingi ya tiba hii.

Namna inavyofanya kazi

Neva za mwili hupeleka taarifa kwa njia ya umeme. Neva ikiwa imetulia, ndani yake kuna chaji hasi kuliko nje, kwa tofauti ya milivolti 70 hivi. Mpigo wa umeme kutoka nje ukipunguza tofauti hiyo vya kutosha, neva hushtuka na kupeleka taarifa kana kwamba imechochewa na mwili wenyewe.

Mtaalamu anapoongeza nguvu ya mkondo polepole, kwa kawaida mgonjwa huanza kuhisi kuchomwachomwa, kisha msuli hukaza, na mwisho huja maumivu. Matibabu mengi hufanyika katika hatua mbili za kwanza.

Msuli ambao neva yake imekatika hauitikii mipigo mifupi, kwa sababu nyuzi za msuli zenyewe huhitaji mpigo mrefu zaidi kuliko neva. Kwa muda mrefu tofauti hiyo ilitumika pia kama kipimo: msuli uliogoma kuitikia mkondo wa faradi ulionyesha kwamba neva yake imeharibika.

Kuhusu maumivu, maelezo yanayofahamika zaidi ni nadharia ya lango, iliyotolewa na Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965. Kwa nadharia hiyo, taarifa za mguso zinazofika kwenye uti wa mgongo huweza kuzuia taarifa za maumivu zisipande hadi kwenye ubongo. Ni sababu ileile inayomfanya mtu asugue goti alilojigonga. Aidha, mipigo michache yenye nguvu inaaminika kuuchochea mwili kutoa kemikali zake za kutuliza maumivu.

Aina

TENS ni kifaa kidogo cha betri kinachochochea neva za hisia ili kupunguza maumivu. Mara nyingi hupangwa kutoa mipigo 80 hadi 120 kwa sekunde kwa nguvu isiyokaza msuli. Namna nyingine hutumia mipigo 2 hadi 5 kwa sekunde yenye nguvu zaidi.

Mikondo inayoingiliana hutumia jozi mbili za elektrodi. Kwa mfano, jozi moja hutoa mizunguko 4000 kwa sekunde na nyingine 4100. Zinapokutana ndani ya mwili hutokea mapigo 100 kwa sekunde, ambayo ni tofauti ya hizo mbili.

Uchocheaji wa misuli hukaza msuli uliodhoofika, kwa mfano msuli wa mbele ya paja baada ya upasuaji wa goti. Kwa kuwa umeme huamsha nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja, msuli huchoka haraka kuliko katika mazoezi ya kawaida, hivyo ni lazima upumzishwe. Yakov Kots wa Umoja wa Kisovyeti alijulikana kwa utaratibu wa kukaza msuli kwa sekunde 10 na kuupumzisha kwa sekunde 50, mara 10 mfululizo.

Uchocheaji wa kutenda humsaidia mgonjwa kufanya kitendo fulani. Mwaka 1961 Wladimir Liberson na wenzake walieleza kifaa kwa ajili ya waliopata kiharusi ambao ncha ya mguu huburuza chini. Swichi ndani ya kiatu huwasha mkondo kisigino kinapoinuka, na wayo huinuka kwa wakati unaofaa.

Iontoforesisi hutumia mkondo mnyoofu kusukuma chembe za dawa zenye chaji kupita kwenye ngozi. Hutumika pia, kwa maji ya kawaida, kwa watu wenye jasho jingi kupita kiasi katika viganja na nyayo.

Ufanisi

Matokeo ya utafiti hayafanani kwa aina zote wala kwa magonjwa yote. Uchambuzi wa tafiti 381 kuhusu TENS, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba maumivu hupungua wakati wa matibabu au mara baada yake kuliko kwa kifaa cha kuigiza kisichotoa umeme. Hata hivyo mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2016 ulishauri TENS na mikondo inayoingiliana visitolewe kwa maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, kwa kukosa ushahidi wa kutosha wa manufaa.

Kwa jumla, umeme hauponyi jeraha la msuli wala hauondoi chanzo cha maumivu. Faida yake kubwa ni kumfungulia mgonjwa njia ya kufanya mazoezi: anayepata nafuu kwa saa moja aweze kutembea na kunyoosha kiungo katika saa hiyo, na ambaye msuli wake umesahau kukaza aukaze mwenyewe pamoja na mashine. Mgonjwa anayelazwa kwenye mashine kila wiki na kurudi nyumbani bila kufundishwa mazoezi hupoteza muda na fedha, na kiungo chake huweza kuzidi kukakamaa.

Tahadhari

Tiba hii kwa kawaida haitolewi kwa mtu aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, isipokuwa kwa idhini ya daktari wake wa moyo. Elektrodi haziwekwi mbele ya shingo, juu ya macho, juu ya uvimbe wa saratani, kwenye mguu wenye damu iliyoganda ndani ya mshipa, wala kwenye tumbo la mjamzito. Mwenye kifafa anahitaji uangalizi wa pekee.

Kabla ya kuanza, mtaalamu hupima kama ngozi ina hisia. Mgonjwa asiyehisi, kwa mfano kutokana na kisukari cha muda mrefu au ukoma, anaweza kuungua bila kujua. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mkondo mnyoofu, kwa kuwa chini ya elektrodi hasi hutokea alkali na chini ya elektrodi chanya hutokea asidi. Pedi zilizokauka au kubanduka upande mmoja hukusanya mkondo mahali padogo na kuunguza.

Vifaa vidogo vya TENS huuzwa pia kwa matumizi ya nyumbani. Maumivu yasiyojulikana chanzo chake yachunguzwe kwanza, kwa sababu kifaa kinachotuliza maumivu huweza kuficha ugonjwa unaohitaji tiba nyingine.