Kituo cha Polisi Kilichogeuka Shule ya Kazi

Tarehe 24 Januari 1964, kwenye kona ya barabara za 19th na Oxford, North Philadelphia, jengo la zamani la polisi lilifunguliwa upya. Safari hii hakuna aliyeingizwa kwa pingu. Watu waliingia kwa miguu yao wenyewe, vijana na watu wazima, kujifunza kazi: elektroniki, karakana ya mashine, maabara ya kemia, ushonaji wa kiwandani, kazi za mgahawa. Mwanafunzi hakulipa ada. Jiji lilikodisha jengo kwa dola 1 tu kwa mwaka, na kampuni za mjini zilitoa mashine na vifaa vya kufundishia. Kituo kiliitwa Opportunities Industrialization Center, kwa kifupi OIC. Mwanzilishi wake alikuwa mchungaji Leon Sullivan.

Hadithi hii mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya ukarimu: mchungaji mwenye maono akaomba, matajiri wenye moyo wakatoa, maskini wakanufaika. Kuna ukweli hapo, lakini ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni swali ambalo sisi wanafunzi wa mji huu tunapaswa kuliuliza. Mwaka 1960 viwanda vingi vya Philadelphia havikuwa tayari kumpa mtu mweusi hata kazi ya ukarani. Miaka minne baadaye wenye viwanda wanatoa mashine ili mtu yuleyule afundishwe. Nini kilitokea katikati?

Sullivan alizaliwa mwaka 1922 huko Charleston, West Virginia, na mwaka 1950 akawa mchungaji wa Zion Baptist Church hapa Philadelphia. Wakati huo familia nyingi nyeusi zilikuwa zikihamia kutoka kusini kutafuta kazi viwandani, na kufikia mwaka 1960 watu weusi walikuwa zaidi ya robo ya wakazi wa mji. Kazi walizopata zilikuwa za kufagia, kubeba na kupika. Sullivan aliona vijana wakishinda vibarazani bila shughuli, akaanzisha huduma ya kuwatafutia ajira. Vijana walijitokeza kwa wingi, lakini waajiri waliokubali kuwachukua walikuwa wachache mno. Kumbe tatizo halikuwa uvivu wa kijana, kama ilivyopendwa kusemwa. Mlango wenyewe ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Mwaka 1960 Sullivan na wachungaji wenzake wapatao 400 walikubaliana juu ya mbinu moja. Kamati yao ingekwenda kwenye kampuni moja kwa wakati, iulize ni watu weusi wangapi wameajiriwa na katika nafasi gani, kisha itoe madai machache yenye hesabu kamili. Kampuni ikikataa, Jumapili inayofuata wachungaji wote wangewatangazia waumini kutoka mimbarini: msinunue bidhaa za kampuni hii mpaka tutakapowaambia.

Ya kwanza ilikuwa Tasty Baking Company, watengenezaji wa keki zilizopendwa sana mjini. Madai yalikuwa madogo: madereva wauzaji wawili weusi, makarani wawili, na wanawake watatu au wanne katika idara ya kupaka sukari keki, ambayo ilikuwa ya weupe tu. Kampuni ilikataa, na keki zikabaki madukani. Magazeti makubwa ya mji hayakulitangaza jambo hili, lakini habari za mimbarini hazihitaji gazeti. Baada ya kama miezi miwili kampuni ilikubali, na wachungaji wakatangaza kuwa ruhusa ya kununua imerudi.

Wakahamia kwa wengine: Pepsi-Cola, Gulf Oil, Sun Oil, maduka ya A&P. Baadhi zilikubali kabla hata ya kususiwa, kwa kuwa zilishaona yaliyomfika jirani. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sullivan mwenyewe alikadiria kuwa kampeni ile ilifungua nafasi za kazi zipatazo 2,000. Martin Luther King alivutiwa, akamwita mwaka 1962 awaeleze watu wake mbinu hiyo, na kutoka hapo kukazaliwa Operation Breadbasket, ambayo baadaye Jesse Jackson aliiongoza Chicago.

Hapo ndipo lilipojitokeza tatizo la pili. Milango ilipoanza kufunguka, waajiri walisema: sawa, tuleteeni mafundi. Mafundi walikuwa wachache, kwa sababu watu walionyimwa kazi kwa miaka mingi walikuwa wamenyimwa pia nafasi ya kujifunza kazi hiyo. Kampuni zilizokuwa zimekubali kwa shingo upande zingeweza sasa kusema kwamba zilijaribu, watu hawakupatikana. Sullivan alielewa kwamba ushindi usiokuwa na mafunzo ungeyeyuka. OIC ilianzishwa ili kuziba pengo hilo.

Kwa hiyo kampuni zilipotoa mashine mwaka 1964, hazikuwa zikimtupia ombaomba senti. Zilikuwa zikishughulika na watu ambao tayari walikuwa wameonyesha kwamba wanajua kuhesabu fedha zao na kuzizuia. Sisemi kwamba hakuna aliyetoa kwa moyo mwema, walikuwapo. Ila moyo mwema ulikuwapo pia mwaka 1959, na mashine hazikuja.

Jambo la pili linalosahauliwa ni fedha za wenyeji wenyewe. Mwaka 1962, kabla ya OIC, Sullivan aliwaomba waumini wake wachangie dola 10 kila mwezi kwa miezi 36. Mpango uliitwa 10-36. Michango ya miezi 16 ya kwanza ilikwenda kwenye mfuko wa hisani, wa elimu na huduma za jamii. Ile ya miezi 20 iliyobaki ilikuwa mtaji wa biashara, na aliyechangia alipata hisa. Kwetu tungefikiria upatu au harambee, ingawa 10-36 ilitofautiana na upatu kwa kuwa hakuna aliyesubiri zamu yake ya kupokea. Fedha zilibaki pamoja na kufanya kazi. Mwaka 1968 mtaji huo ulizaa Progress Plaza, kituo cha maduka kwenye Broad Street, kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa vya kwanza Marekani kujengwa na kumilikiwa na watu weusi. Kipo mpaka leo, na wengi wetu tumewahi kununua mboga pale bila kujua.

Maana yake ni kwamba mfadhili alipofika alikuta watu waliokwisha kuanza. Mwenye chake hasikilizwi sawa na asiye na kitu. OIC iliweza kuwaambia wenye viwanda inachotaka, na ilichotaka zaidi ya fedha kilikuwa taarifa: mwaka ujao mtahitaji mafundi wa aina gani, wangapi, wajue nini? Mafunzo yakapangwa kufuata kazi zilizopo kweli. Mtu akifundishwa kutumia mashine ambayo kiwanda kimeshaitupa, hata kama mashine hiyo imetolewa bure, amepotezewa muda.

Walimu waligundua upesi kwamba wengi waliojiandikisha walihitaji msingi kwanza. Ikaanzishwa programu ya maandalizi: kusoma, hesabu, namna ya kufanya mtihani wa ajira na kuonana na mwajiri, pamoja na historia ya watu weusi. Somo hilo la mwisho halikumsaidia mtu kuendesha cherehani, lakini lilimsaidia mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba hawezi.

Tusipambe mambo. Mwishoni mwa Agosti 1964, miezi saba baada ya kufunguliwa kwa kituo, ghasia kubwa zilizuka Columbia Avenue, hatua chache kutoka kona ile ya 19th na Oxford. Maduka yaliporwa na mamia ya watu wakajeruhiwa. Kituo kimoja cha mafunzo hakikuweza kufuta hasira za nyumba mbovu, bei za juu na ukatili wa polisi. Wafadhili wengi wa biashara hupenda kuamini kwamba darasa litatuliza mtaa. Darasa humpa mtu kazi. Mambo mengine ya mtaa yanabaki palepale mpaka yashughulikiwe yenyewe.

Hata hivyo OIC ilikua haraka. Miji mingine iliomba kufunguliwa vituo, na tarehe 29 Juni 1967 Rais Lyndon Johnson alikuja mwenyewe kukiona kituo cha Philadelphia. Pamoja na sifa zikaja fedha za serikali kuu, nyingi kuliko zilizowahi kutoka kwa kampuni zote. Vituo vilipanuka kwa fedha hizo na vikazizoea. Miaka ya 1980 serikali ya Ronald Reagan ilipopunguza bajeti za mafunzo ya kazi, vituo vingi vilidhoofika na vingine vikafungwa. Vilivyosalia, kikiwamo cha Philadelphia, vilirudi kutafuta mchanganyiko wa wafadhili. Mtu mwenye mguu mmoja, hata ukiwa mnene, huanguka akisukumwa kidogo.

Kipimo kigumu zaidi cha mbinu ya Sullivan kilikuwa nje ya Marekani. Mwaka 1971 aliingia kwenye bodi ya General Motors, mtu mweusi wa kwanza kufika hapo, na mwaka huohuo akaitaka kampuni ijiondoe Afrika Kusini. Alishindwa kwa kura. Mwaka 1977 alitoa kanuni zilizokuja kuitwa kwa jina lake: kampuni za Marekani zilizoko Afrika Kusini ziache kutenganisha wafanyakazi kwa rangi, zilipe ujira sawa kwa kazi sawa, zifundishe na kupandisha vyeo watu weusi. Kampuni 12 zilikubali mwanzoni, baadaye zikazidi 100. Wapinzani wa ubaguzi walilalamika kwamba kanuni hizo zilizipa kampuni kisingizio cha kubaki: zinafadhili shule na mafunzo huku zikilipa kodi kwa serikali ya kaburu. Mwaka 1987 Sullivan mwenyewe alisema kanuni hazikutosha kuuangusha mfumo ule, akazitaka kampuni ziondoke.

Nikilinganisha kesi hizi mbili, naona tofauti moja kubwa. Philadelphia, aliyekaa mezani kuzungumza na kampuni alikuwa mwakilishi wa wanunuzi wenyewe, na wangeweza kususa Jumapili inayofuata. Katika Afrika Kusini, hesabu ya utekelezaji ilitegemea taarifa ambazo kampuni zilijijazia zenyewe, na mfanyakazi wa Soweto hakuwa mezani. Mafunzo ni yaleyale, fedha zinatoka kwa watu walewale, ila nguvu haikuwa mahali pamoja.

Kwa nini jarida la chama cha Kiswahili lihangaike na haya? Kwanza, OIC ilivuka bahari. Kuanzia mwaka 1970 shirika lake la kimataifa lilifungua njia ya vituo barani Afrika, Ghana na Nigeria zikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Sullivan alifariki mwaka 2001, lakini mikutano aliyoianzisha ya kuwakutanisha Waafrika na Wamarekani weusi iliendelea kwa jina lake, na ule wa Juni 2008 ulifanyika Arusha, Rais Jakaya Kikwete akiwa mwenyeji. Wazazi wa baadhi yetu wanaukumbuka.

Pili, jambo hili liko mlangoni petu. Darasa letu la Jumamosi, tunalowasaidia kina mama, kina baba na vijana waliotoka Kongo, Burundi na kambi za Tanzania kusoma Kiingereza na kutumia kompyuta, limepata ahadi ya udhamini kutoka kampuni moja ya mjini. Kikao kilichopita tulibishana. Wengine walisema tukubali na kushukuru, kwa kuwa mgeni hachagui chakula. Wengine walisema tukatae, kwa kuwa kampuni inataka tu picha za wanawake wenye vitenge kwenye tangazo lake.

Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zinajadili moyo wa kampuni, na moyo wa kampuni hatuwezi kuujua. Tuyajadili yale tunayoweza kuyajua. Je, kampuni itaajiri wanaohitimu, na wangapi, katika kazi gani? Je, mama anayesoma darasani atakuwa kwenye kamati inayokutana nao, au tutazungumza kwa niaba yake? Je, sisi na wanafunzi wetu tunaweza kuchangishana kiasi, hata dola 5 kwa mwezi, ili darasa lisife mdhamini akibadili mawazo? Majibu yakiwa mazuri, tutie sahihi na tuwakaribishe chai. Yakiwa mabaya, bado tuna chumba, tuna vitabu na tuna Jumamosi.

Wachungaji wa mwaka 1960 walikwenda Tasty Baking na madai ya watu wanane hivi. Hawakuomba kupendwa. Kikao chetu kijacho kingekuwa kifupi zaidi kama nasi tungeingia na karatasi moja yenye hesabu ya namna hiyo.