Historia Iliyoandikwa Katika Tope

Mwaka 1902 Serikali ya Uingereza ililitoa Jimbo la Mashariki la Uganda, ikalitia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa kalamu hiyo nchi ya Wasamia na Wateso iligawanyika, na Busia na Malaba zikawa malango ya mpaka. Habari hii yaonekana katika kila ramani. Lakini nchi hiyo hiyo ina historia nyingine, kongwe kuliko falme zote. Waandishi wake ni viumbe visivyoonekana kwa macho, na kitabu chake ni tope.

Tutazame kwanza mito miwili. Mto Malaba hutelemka kutoka Mlima Elgon, hupita mpakani na kuingia Uganda, na maji yake hufika Ziwa Kyoga kwa njia ya Mto Mpologoma. Mto Sio hutoka upande wa Bungoma, hupita nchi ya Busia, na kuingia Ziwa Viktoria karibu na Sio Port. Mito hii hupeana kisogo, lakini mwisho wake ni mmoja, kwa kuwa maji ya maziwa yote mawili huingia Nili, na Nili huenda hadi Bahari ya Mediterania.

Kila mahali maji yanapopunguza mwendo, hutua mzigo wake. Udongo, chavua ya maua na maganda ya mwani mdogo uitwao diatomu, magumu kama kioo, huzama chini na kulala tabaka juu ya tabaka. Haba na haba hujaza kibaba. Mtaalamu akishindilia bomba refu katika tope na kulivuta juu, hupata mhimili ambao chini yake ni zamani za kale na juu yake ni jana. Hapo hadubini huwa miwani ya mwanahistoria.

Mwaka 1969 Robert Kendall alitangaza uchunguzi wake wa tope la ghuba ya Pilkington, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria. Kwa chavua alitambua jinsi nyika za nyasi zilivyoipisha misitu mvua zilipozidi. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walieleza jambo la ajabu zaidi: chini ya tope la ziwa walikuta udongo wa nchi kavu wenye mabaki ya mizizi. Ziwa lilikuwa limekauka, na maji yakarudi yapata miaka 15,000 iliyopita. Basi mamia ya aina za samaki wadogo wa ziwa hilo, waitwao fulu, yamkini waligawanyika hivyo katika muda ulio mfupi mno kwa hesabu ya viumbe.

Tufuate sasa maji hayo mpaka baharini. Katika miaka ya 1947 na 1948 merikebu ya Kiswidi iitwayo Albatross ilitoa matabaka meusi katika sakafu ya mashariki ya Mediterania. Tabaka la mwisho lilijengeka kati ya miaka 10,000 na 6,000 hivi iliyopita, Nili ilipofurika kwa mvua nyingi, hasa za Ethiopia. Maji matamu yalitanda juu ya maji ya chumvi, na kilindini oksijeni ikatoweka. Tope la namna hiyo huhifadhi vizuri mabaki ya viumbe. Mwaka 2007 Marco Coolen na Jörg Overmann walitangaza kwamba katika matabaka hayo walipata vipande vya chembe za urithi za bakteria wa kijani, wanaoishi kwa mwanga na salfa pasipo oksijeni, vyenye umri wa miaka 217,000. Kwa kulinganisha vipande hivyo na bakteria walio hai leo, wataalamu hutambua jamaa zao na maji ya namna gani waliyakalia.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya kale tu. Mwaka 2002 Dirk Verschuren na wenzake walisoma kurasa za juu za tope la Ziwa Viktoria. Waliona kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, watu na mashamba yalipozidi kandokando ya ziwa. Oksijeni ya kilindini ilianza kupungua mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mwani wa kibuluu ulitawala mahali pa diatomu. Maafa yaliyoipata sakafu ya bahari kwa mvua za mbinguni, ziwa letu limeyapata kwa jembe na taka. Samaki aliyezoea kilindi hukosa pumzi, na mvuvi wa Sio Port hurudi na wavu mwepesi.

Mkulima wa Busia anayelima kwa kufuata mteremko hupoteza rutuba yake, nayo huenda kulisha mwani. Anayekinga matuta, na anayeyaacha mafunjo ya kinamasi yasimame mtoni yachuje maji, hubaki na udongo wake, na jirani yake hubaki na samaki. Mvua ikinyesha usiku wa leo, asubuhi Mto Sio utakuwa mwekundu, na tabaka jingine litaanza kulala ziwani. Wekundu huo ni udongo wa mashamba yetu.