Kazi ya Karibu: Historia ya Uchovu wa Macho Kutoka Kalamu Hadi Kishikwambi

Uchovu wa macho ni hali ya macho kuuma, kuwaka, kukauka au kuona ukungu baada ya kukazwa kwa muda mrefu kwenye kitu kilicho karibu. Mara nyingi huandamana na maumivu ya paji la uso na shingo kukakamaa. Katika ofisi na madarasa ya leo lawama huangukia kompyuta mpakato na vishikwambi. Hata hivyo usumbufu huu una umri mkubwa kuliko umeme. Walioulalamikia zamani walikuwa wanakili wa vitabu, masonara, washonaji na mafundi saa, watu ambao riziki yao ilitegemea kutazama vitu vidogo kutwa nzima.

Msaada wa kwanza wa maana ulitoka Italia. Miwani ya lenzi mbinuko ilianza kutengenezwa huko katika miaka ya 1280, na mwaka 1306 mhubiri Giordano da Pisa aliwaambia waumini wa Florence kwamba ufundi huo ulikuwa haujatimiza miaka 20. Faida yake kubwa iliwaendea watu wa makamo. Baada ya miaka 40 hivi lenzi ya jicho huwa imeanza kuwa ngumu, na mtu hulazimika kusogeza maandishi mbali ili ayasome. Kabla ya miwani, mwandishi au sonara mwenye ujuzi wa miaka mingi aliweza kupoteza kazi yake akiwa bado na nguvu za mwili. Uchapaji wa vitabu ulipoenea kutoka Mainz, Ujerumani, baada ya miaka ya 1450, wasomaji waliongezeka, na wauza miwani wakaongezeka nao.

Maelezo ya kina ya macho kama sehemu ya afya ya mfanyakazi yalitolewa na tabibu wa Italia Bernardino Ramazzini, ambaye kitabu chake kuhusu magonjwa ya mafundi kilichapishwa Modena mwaka 1700. Ramazzini alikuwa na desturi ambayo matabibu wengi wa enzi yake hawakuwa nayo: alimwuliza mgonjwa anafanya kazi gani. Aliandika kwamba wanaotengeneza vitu vidogo sana huishia kudhoofika macho, akawashauri watumie miwani, wasiinamishe kichwa muda wote, na waiache kazi mara kwa mara wapeleke macho kwingine. Katika nyongeza ya mwaka 1713 aliwataja wapangaji wa herufi za chapa, ambao baada ya kutwa nzima mbele ya vipande vyeusi vya risasi waliendelea kuziona herufi zile mbele yao hata usiku. Ushauri wa kuyapeleka macho kwingine una zaidi ya miaka 300, na hadi leo haujapitwa na wakati.

Sababu yake ilichelewa kueleweka. Mwaka 1801 Thomas Young wa Uingereza alithibitisha kwamba jicho hubadili umbo la lenzi yake ili lione karibu. Ili kuiondoa konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, kwenye hesabu, alilitumbukiza jicho lake mwenyewe katika maji na kukuta kwamba uwezo wa kurekebisha haukupotea. Hermann von Helmholtz wa Ujerumani akaeleza mwaka 1855 jinsi jambo hilo linavyotendeka. Msuli mdogo wa mviringo ndani ya jicho hujikaza, nyuzi zinazoishikilia lenzi hulegea, na lenzi hutuna. Jicho linapotazama mbali, msuli huo hupumzika. Kwa hiyo kusoma ni kazi ya misuli, na misuli mingine ya nje nayo huyavuta macho yote mawili kuelekea puani ili yakutane kwenye neno lilelile.

Aliyeyageuza maarifa haya kuwa tiba ni Franciscus Donders wa Utrecht, Uholanzi. Kabla yake, mshonaji aliyesema kwamba herufi au nyuzi zinachanganyikana mbele ya macho yake aliweza kuambiwa kuwa upofu unaanza na kwamba heri atafute kazi nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1864, Donders alionyesha kwamba wengi wa watu hao walikuwa na macho mafupi kidogo kuliko kawaida, hivyo msuli wa ndani ulikuwa ukifanya kazi hata pale ulipostahili kupumzika. Lenzi ya kufaa iliwarudisha kazini. Ni vigumu kutaja ugunduzi mwingine wa tiba ya macho wa karne ile uliookoa riziki nyingi kiasi hicho kwa gharama ndogo hivyo. Mwenzake wa Utrecht, Herman Snellen, alikuwa ametoa mwaka 1862 ubao wa herufi unaoendelea kutumika katika kliniki za macho duniani kote.

Kisha shule nazo zikachunguzwa. Mwaka 1867 Hermann Cohn wa Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland, alichapisha matokeo ya kupima macho ya wanafunzi 10,060. Kadiri darasa lilivyokuwa la juu ndivyo wanafunzi wasioona mbali walivyoongezeka. Cohn alilaumu madawati mabaya, vyumba vyenye giza na chapa ndogo, na akadai madirisha makubwa. Chanzo hasa cha ongezeko hilo kimejadiliwa kwa miaka mingi. Ushahidi wa leo unaelekeza pia kwenye ukosefu wa mwanga wa nje, na Taiwan imekuwa ikihimiza watoto wa shule kukaa nje saa mbili kwa siku tangu mwaka 2010. Tatizo la Cohn ni tofauti na uchovu wa macho, ingawa mara nyingi huchanganywa nalo. Uchovu hupita mtu akipumzika, lakini jicho lililorefuka, ambalo ndilo lisiloona mbali, halirudi kuwa fupi.

Skrini yenyewe ilizaliwa mwaka 1897, mwanafizikia Karl Ferdinand Braun alipotengeneza mrija wa miale ya kathodi. Kwa miongo kadhaa mrija huo ulikuwa wa maabara, kisha wa televisheni, na televisheni hutazamwa kwa mbali. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1970, magazeti, benki na mashirika ya bima yalipowaweka wafanyakazi mbele yake kwa saa nane, nusu mita tu kutoka machoni. Herufi zilikuwa za kijani au za rangi ya kaharabu juu ya weusi, kingo zake hazikuwa kali, na picha ilimemeta. Taa za ofisi zilikuwa zimepangwa kwa ajili ya karatasi iliyolala mezani. Skrini iliyosimama wima iliakisi taa hizo na madirisha, na mfanyakazi akalazimika kusoma maneno kupitia taswira ya dari.

Malalamiko yalikuja haraka, na pamoja nayo hofu ya mionzi. Wahariri wawili vijana wa New York Times walipopata mtoto wa jicho, chama chao cha wafanyakazi kilidai mitambo ichunguzwe. Taasisi ya taifa ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini ilipima vifaa hivyo mwaka 1977 na haikukuta mionzi ya kiwango cha hatari. Wapo waliochukulia jibu hilo kuwa mwisho wa mjadala na kuwaona wafanyakazi kuwa walalamishi. Huko kulikuwa kuwakosea. Mionzi haikuwapo, lakini maumivu yalikuwapo, na bila vyama vya wafanyakazi kushikilia hoja yao pengine yasingechunguzwa mapema hivyo.

Mwaka 1983 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti iliyosaidia kusawazisha mambo. Haikuona ushahidi kwamba skrini zinaharibu jicho, lakini ilikubali kwamba usumbufu ni wa kweli, kwamba unafanana na ule wa kazi nyingine za karibu, na kwamba mengi yangetatuliwa kwa kupanga vizuri mwanga, meza, kiti na saa za kazi. Hoja ilihama kutoka kwenye kifaa kwenda kwenye mpangilio wa kazi, yaani ikaangukia mabegani mwa mwajiri. Waajiri hawakulipokea hilo kwa furaha. San Francisco ilipitisha sheria ya mji kuhusu kazi za skrini mwishoni mwa 1990, nayo ikabatilishwa mahakamani mwaka 1992.

Ulaya ilifika mbali zaidi. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la tarehe 29 Mei 1990 liliwapa wafanyakazi wa skrini haki ya kupimwa macho kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara baadaye, kupewa miwani maalumu pasipo kuilipia inapohitajika, na kukatiza kazi ya skrini kwa mapumziko au shughuli nyingine. Uingereza ililigeuza kuwa kanuni zake mwaka 1992. Mwaka huohuo shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Sweden, TCO, lilitoa alama yake ya ubora kwa skrini, na watengenezaji wa nchi za mbali wakajikuta wakitimiza masharti yaliyoandikwa na wafanyakazi wa Stockholm.

Ugunduzi muhimu wa miaka hiyo ulihusu kope. Mwaka 1993 watafiti wa Japani, Tsubota na Nakamori, waliripoti kwamba wafanyakazi wa ofisini walipotulia walipepesa macho mara 22 hivi kwa dakika, wakisoma kitabu mara 10, na wakitazama skrini mara 7 tu. Tena msomaji wa kitabu hutazama chini, kope zikafunika sehemu kubwa ya jicho. Mtazamaji wa skrini hutazama mbele akiwa ameyafumbua wazi, na machozi hukauka upesi. Ndiyo maana skrini hushauriwa kuwekwa chini kidogo ya usawa wa macho. Katika muongo huohuo mtaalamu wa macho wa California, Jeffrey Anshel, alieneza kanuni ya 20-20-20: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho futi 20, karibu mita 6, kwa sekunde 20. Katika umbali huo msuli wa ndani ya jicho huwa umelegea karibu kabisa.

Skrini bapa ziliondoa kumemeta na kupunguza mwakisiko. Kompyuta mpakato, zilizoenea tangu katikati ya miaka ya 1980, zilileta tatizo jingine. Skrini imefungwa kwenye kibodi, kwa hiyo mikono ikikaa vizuri shingo huinama, na shingo ikikaa vizuri mikono huning'inia. Kishikwambi na simu vilisogea karibu zaidi, mara nyingi sentimita 30 hivi kutoka machoni, tena kitandani na ndani ya daladala. Agizo la Ulaya la 1990 liliviacha nje vifaa vya kubebeka visivyotumika kwa muda mrefu mahali pa kazi.

Hofu ya mionzi ilirudi kwa sura ya mwanga wa buluu, ikifuatiwa na biashara kubwa ya miwani ya kuuchuja. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba miwani hiyo hupunguza uchovu wa macho katika muda mfupi ikilinganishwa na miwani ya kawaida.

Katika Afrika Mashariki skrini za kushikwa mkononi zimeingia kwa wingi kupitia serikali. Kenya ilianza kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2016, na vishikwambi vya sensa ya Tanzania ya 2022 viligawiwa walimu baadaye. Tatizo la zamani la wanakili wa Italia linakutana hapa na kifaa kipya. Utafiti uliofanyika Zanzibar na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba wengi wa watu wazima wenye miaka 40 na zaidi hawakuona vizuri karibu, na wachache tu kati yao walikuwa na miwani ya kusomea. Kwa mwalimu wa miaka 48 anayejaza takwimu za shule kwenye kishikwambi, kupunguza mwangaza au kukuza herufi kutamsaidia kidogo tu. Anachohitaji kwanza ni kupimwa macho na kupata lenzi mbinuko ya nguvu inayomfaa.